Kwenda Kondoa kwa Basi ili Nirudi kwa Miguu

Mama alipolala kitandani miezi miwili, hali wala hasemi, niliweka nadhiri: akiinuka, nitaungana na mahujaji wanaotembea kutoka mlango wa kanisa la Kondoa hadi Dodoma. Aliinuka, tena akaanza kunigombeza. Ahadi ni deni.

Jumanne asubuhi tuliondoka Kikuyu, mtaani kwetu Dodoma, mimi na rafiki zangu Yohana na Ndahani. Siku hizo biashara ilikuwa imeachiwa huru na kila mwenye injini alikuwa na basi. Letu lilikuwa na honi nzuri sana. Jirani aliuliza kwa nini tunapanda gari kwenda mbali ili turudi kwa miguu. Tukampungia mkono.

Haneti, saa nane mchana. Springi ilikatika, tukaambiwa tungoje nyingine mpaka kesho. Hapo Yohana akazusha lake: hujaji hatembei hata hatua moja kabla ya kubarikiwa, asije akaimalizia nadhiri yake njiani. Abiria wengine wakaenda kutafuta uji, sisi tukabaki vitini. Nilimwona mjinga, lakini sikuthubutu kushuka. Niliogopa nikiikosea nadhiri, mama atarudi kitandani.

Jumatano, karibu na Kelema, tulisikia nyimbo. Mahujaji wenyewe walikuwa wanakuja, bendera mbele, wakielekea tulikotoka. Ndahani alishuka papo hapo akaingia mstarini bila kuaga. Kiongozi wao, mama mmoja mwenye filimbi, alinishika mkono dirishani akaniambia Mungu hapimi kilomita. Nikamjibu kwamba katika nadhiri mimi ndiye niliyeutaja mlango. Basi likaondoka.

Kondoa, alasiri. Kanisa lilikuwa limefungwa, padri yuko njiani na watu wake. Mzee Hamisi, muuza vitambaa wa jirani, alitupa chai na mahali pa kulala, akatusikiliza mpaka mwisho.

“Nadhiri ni nadhiri,” alisema. “Asubuhi mtaushika huo mlango, nami nitawaombea dua. Mungu ni huyo huyo.”

Alhamisi tukaushika, akaomba, tukaanza. Siku ya tatu Yohana, mwenye sheria zote, alipanda lori la alizeti. Viatu vyangu vya mitumba viliachia soli, nikavifunga kwa katani. Kila kijiji walinipa maji na ugali wa uwele, wakaniambia wenzangu walipita zamani. Niliona aibu, halafu nikawa nacheka peke yangu barabarani.

Kikuyu, Jumanne jioni. Mama alikuwa amesimama nje, mwembamba, lakini amesimama. Nililia. Alinikalisha, akaniletea maji ya kuoshea miguu.

“Wenzako walipofika bila wewe niliogopa, mwanangu,” alisema. “Nikaweka nadhiri. Ukirudi mzima, nami nitatembea kutoka mlango ule ule.”

Nilimwambia Mungu hapimi kilomita. Akasema yeye ndiye aliyeutaja mlango.

Nilichojifunza ni kwamba ukaidi wangu sikuurithi kwa baba, kama tulivyomsingizia marehemu miaka yote. Asubuhi nilichechemea hadi stendi kuuliza basi la Kondoa linaondoka saa ngapi, nikaomba viti viwili.