Daktari Ananiongezea Vidonge kwa Sababu Sisemi Mbele ya Mkwe

Mhariri wa ukurasa huu, nifichie jina langu na la mume wangu pia. Mbeya ni ndogo, na gazeti lenu linasomwa hadi kilabuni.

Nina miaka thelathini na mmoja, mama wa watoto watatu. Kwetu ni Iringa, nimeolewa na Mnyakyusa, fundi seremala, tunaishi hapa Mbeya. Mwaka jana nilishikwa na ugonjwa wa huzuni. Watu wakaniuliza, "Umefiwa na nani?" Sikufiwa. Mume hanipigi, watoto wanakula, mahindi yalistawi. Lakini niliamka nimechoka kama mtu aliyelima usiku kucha, nikalia juu ya sufuria, na kuna siku nilitamani nisiamke kabisa. Mtakaoniambia nisali, nimesali mpaka magoti yameota sugu.

Hospitali daktari Mzungu akanipa vidonge vipya kutoka Ulaya, kimoja kila jioni. Kiswahili chake ni "pole" na "fungua mdomo", kwa hiyo dresa, yule anayefunga vidonda, ndiye aliyekuwa anatafsiri. Alikuwa mzee wa Songea, akanisikiliza na kuyasema maneno yangu yote. Baada ya wiki kadhaa nikaona nafuu. Siku moja nilicheka, mtoto akakimbia kumwita baba yake aje aone.

Kisha mzee yule akahamishwa. Naingia kwa daktari, nani kasimama pale na koti jeupe? Baba mdogo wa mume wangu, ndiye dresa mpya! Kwa msiojua, kwa Wanyakyusa mke hamtazami mkwe wake wala hasemi naye, na ndugu za mkwe ni wakwe vilevile. Ukimwona njiani unachepuka. Kwetu wake za kaka zangu walimsalimia baba bila shida, lakini huku ndiko nilikoolewa, nikafundwa, nikakubali. Nikajifunika kanga usoni. Naye kwa adabu akageukia ukutani. Daktari akauliza, akauliza tena. Kimya. Mwishowe mkwe akajibu kwa Kiingereza, uso ukutani, daktari akatikisa kichwa, akaona kimya changu ni ugonjwa kuzidi, akaandika. Vidonge viwili.

Jamani, nilikuwa nimepata nafuu! Viwili vilinikausha mdomo, moyo ukaenda mbio, mikono ikatetemeka. Niliporudi, daktari akaiona ile mikono chini ya kanga, akaona nimezidiwa. Vitatu.

Na sasa nimezidiwa kweli. Giza limerudi, zito kuliko la kwanza, na sijui kama ni ugonjwa au ni dawa. Labda vitatu vinahitajika. Labda vinaniumiza. Wa kuniambia ni daktari, na daktari hajasikia neno langu hata moja tangu mzee wa Songea aondoke.

Msiseme sikujaribu. Nilisoma kwa masista, na siku hiyo ya kupewa vitatu nilikuwa nimeandika karatasi: "Kimoja kilinisaidia. Viwili vinanitesa." Daktari akaigeuzageuza, akampa mkwe amsomee! Mkwe akaikunja, akaitia mfukoni. Jioni nikaikuta mkononi mwa mume wangu.

"Mama watoto, unamshtaki baba kwa Wazungu?"

"Nashtaki vidonge, baba watoto. Baba sina neno naye."

"Daktari kasoma miaka mingi. Wewe meza tu."

"Basi twende wote, unisemee."

"Mimi nikamsahihishe baba mbele ya Mzungu? Unaniweka wapi?"

Nampenda mume wangu, lakini siku hiyo nilitamani kumchapa na mwiko. Kila mtu analinda heshima, na anayemeza ni mimi.

Mama mkwe anasema nikifungua mdomo mbele ya mkwe, balaa litawapata watoto. Jirani yangu Msafwa anasema nivitupe vyote chooni. Hilo nalo naliogopa, maana nakumbuka nilivyokuwa kabla ya kidonge cha kwanza.

Narudi hospitali mwisho wa mwezi. Nikifunua uso nikasema, nitakuwa nimemvunjia mkwe heshima, na sijui kama mume wangu atanipokea nyumbani siku hiyo. Nikinyamaza, daktari ataandika vinne. Nishaurini, nimechoka kubishana peke yangu. Hasa ninyi wanawake mlioolewa ugenini, mngekuwa mimi, mngesema au mngemeza?