Magoli Matatu kwa Profesa Mmoja

Mpaka leo kuna wazee pale sokoni Butembo wakiniona wanatema mate pembeni. Sikuiba mbuzi wa mtu, sikuchukua mke wa mtu. Nilifungwa magoli matatu Beni, basi. Mji huu umesamehe watu walioua, umewapa mabinti na kuwaalika kwenye arusi, mais mimi na magoli yangu matatu, hapana.

Walioniomba ninyamaze wameshazikwa wote wawili, Mungu awalaze anapoona panawafaa. Sasa nasema.

Wakati ule wa rebellion, waasi wakiushika upande wetu, klabu yetu na université ya mji zilikuwa zimepatana. Klabu ilicheza kwa jina la université na rangi zake, na malori ya président wa klabu yakabeba mchanga na matofali ya kujengea madarasa. Université nayo iliwapokea wachezaji wasome bure. Karatasi ya mapatano hayo haikuwepo. Wafanyabiashara wetu walikuwa wanamkabidhi mtu mmoja mali ya watu kumi aende nayo mpaka ng'ambo, kwa neno la mdomo tu, na neno halivunjiki. Ungeomba karatasi ungeonekana mgeni, au mwizi. Hata hiyo université tulijijengea wenyewe, serikali haikuleta tofali moja. Tulijivuna sana, acha kabisa.

Mimi nilikuwa gardien, mlinda goli, na nilikuwa mwaka wa mwisho, agronomie, elimu ya kilimo. Mama yangu, mjane, aliuza sokoni samaki wa ziwani, kutoka Kyavinyonge. Mpira hakuupenda hata kidogo, alisema ni mchezo wa watu walioshiba. Aliuvumilia kwa sababu moja tu: ndio ulionifungulia mlango wa diploma, na siku diploma ingeingia nyumbani yeye angepumzisha mgongo. Majirani walishaanza kumwita mama wa ingénieur, naye alikuwa anajifanya hasikii.

Kilibaki cours kimoja, somo la mwisho. Mwenye kukifundisha alikuwa profesa wa Kisangani, ambaye alikuja mara moja kwa mwaka, akafundisha wiki mbili mfululizo, akapiga examen, akarudi kwao. Vyuo vyetu viliishi hivyo wakati ule. Ukimkosa profesa, unangoja mwaka mwingine, kama vita itakuruhusu kungoja. Na bila cours kile promotion nzima, darasa letu lote, ilikuwa haimalizi.

Mwaka ule profesa alishuka Beni na ndege ya mizigo, wakamkamata. Kisangani ilikuwa mikononi mwa rebellion nyingine, na karatasi zake zilikuwa na muhuri wa wale wengine. Komanda wa Beni akasema huyu ni mpelelezi. Hakumpiga. Alimweka katika nyumba moja ya mtaa wa Mulekera, analishwa vizuri, askari wawili mlangoni. Université ikatuma wakubwa wake, wakarudi mikono mitupu. Ikatuma padri, naye akarudi na jibu la ajabu: komanda ni mtu wa mpira. Ana équipe yake, timu ya askari, sikukuu ya chama chake inakaribia, na angefurahi sana klabu ya Butembo ije kucheza nao. Akifurahi, barabara itafunguka.

Kila mtu mzima alielewa komanda anafurahishwa na nini.

Président akaniita kwenye depo yake. Katibu wa université alikuwa amekaa juu ya gunia la kahawa, anaangalia viatu vyake. Président akanieleza kwamba wengine hawataambiwa, kwa sababu vijana wana midomo, na komanda akisikia amepewa match kama sadaka, yule profesa hatatoka Mulekera akiwa mzima. Na mtu anayeweza kupoteza match peke yake, bila msaada wa mtu, ni gardien tu. Nikauliza, na mimi, watu watanionaje?

“Mutoto yangu, ni juu ya cours yenu,” akasema. “Utafungwa, profesa atakuja, utasoma pamoja na benzako. Ni neno yangu nakupa.”

Mimi mtoto wa Butembo, nikisikia neno la mfanyabiashara moyo unatulia. Nikakubali.

Tulipanda lori, tukapita barrière zote za askari bila kushushwa hata mara moja. Kule Beni askari walizunguka uwanja, bunduki katikati ya magoti. Na wenzangu, kwa kuwa hawakujua kitu, siku ile walicheza mpira ambao sijauona tena. Kapiteni wetu, ambaye tulilala naye chumba kimoja na kukaa benchi moja auditoire, ukumbini mwa masomo, alifunga magoli mawili. Kila alipofunga nilitaka kulia. Mikono ya gardien ina akili yake, kuizuia isidake ni kazi kubwa kuliko kudaka. Goli la kwanza nikaliachia kati ya miguu. La pili nikaruka nimechelewa. La tatu lilikuja polepole, linaviringika, hata bibi kizee angelizuia kwa kitenge. Nikaanguka mbele yake, likapita chini ya tumbo langu, nikalisikia linapita.

Askari wakapiga risasi hewani. Mmoja akanipigia makofi, akasema kwa Kilingala, “Gardien ya malamu!” Maana yake gardien mzuri.

Lori likatoka Beni. Kisha kapiteni akasimama, akanikamata kola, akaniuliza walinipa nini, akanipiga kofi. Sikumrudishia.

Butembo habari haina breki. Kesho yake mji mzima unajua gardien ameuza match. Maneno yakapanda na wenye ndizi na wenye samaki, yakafika Beni, na komanda akakasirika: kumbe ushindi wake ulinunuliwa? Akatuma kusema profesa atabaki hapo hapo mpaka yeye aelewe vizuri. Basi président na katibu wakatafuta dawa, na dawa ikawa mimi. Walikusanya mashabiki, wakatangaza kwamba hakuna aliyeuza chochote. Klabu ilikuwa na gardien mbovu, asiyejua kazi, na sasa amefukuzwa. Usiku wa kuamkia siku hiyo président alikuwa amepita kwetu, akaninong'oneza nje: ni siku chache tu, tutakurudisha. Neno la pili.

Komanda aliridhika. Profesa akaletwa Butembo, mji ukashangilia, cours kikaanza.

Asubuhi ya kwanza nilivaa shati langu la kanisani nikaenda. Katibu alikuwa amesimama mlangoni mwa auditoire. Akaniambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa pole, kwamba nafasi yangu ilikuwa nafasi ya klabu, donc asiye wa klabu hana nafasi. Na tena, komanda akisikia bado ninasoma bure atafahamu yote. Nikamwambia, cours hiki ndicho nilichofungiwa magoli. Akatazama huku na huku.

“Njo vile, mutoto yangu,” akasema. “Vumilia. Tuombe Mungu.”

Wenzangu wakapita mbele yangu mmoja mmoja wakiingia. Kapiteni hakunitazama. Shukrani ya punda ni mateke, jamani. Nikaenda depo kumtafuta président, wakaniambia amesafiri. Kila siku niliyokwenda alikuwa amesafiri.

Sokoni walianza kumwita mama yangu mama wa kichujio, kwa kuwa mtoto wake kila kitu kinampita. Wateja wake wa zamani wakahamia meza nyingine. Jioni moja akarudi na samaki karibu wote, akakaa kitandani kwangu.

“Banasema ile goli ya tatu ilikuja polepole,” akasema. “Mikono yako mimi njo niliizaa. Nani alikutuma?”

Nikamwambia hakuna. Alikuja kufa miaka mingi baadaye, na mpaka kufa kwake hakupata jibu jingine. Hilo sitawasamehe, hata huko waliko.

Lilibaki jambo moja la kujaribu. Rafiki mmoja wa promotion aliniazima syllabus, yale maandishi ya cours, nikaisoma mpaka macho yakawa mekundu. Nikasema nitamfuata profesa mwenyewe. Nitamweleza yote, nitamwomba anipige maswali papo hapo, dakika chache tu, kabla hajaondoka. Yeye ni mtu wa elimu, ataelewa, na kwa vyovyote ni mimi niliyemtoa Mulekera.

Siku ya kuondoka nilimkuta mbele ya nyumba ya wageni, anangoja mizigo yake ifungwe garini. Nikatoa kofia, nikasogea. Ndipo nikaona gari lenyewe ni la komanda, na askari wake wawili wa kumsindikiza wameegemea mlango, wanasikia kila neno. Hotuba yangu mbele yao ingemrudisha Mulekera. Profesa ndiye aliyeanza. Alinikodolea macho, kisha akacheka, cheko la mtu mwema kabisa.

“Nakujua wewe,” akasema, kama mtu anayesema na mdogo wake. “Komanda alinipeleka kuona ile match, nilikaa pembeni yake. Muloko yangu, usikasirike, mais mupira si kazi yako. Afazali ungesoma.”

Askari wakacheka pamoja naye. Nikamjibu, ndiyo, professeur. Kisha nikachukua valizi yake iliyobaki chini, nikaipandisha garini.