Shingo, Moja, Mbili

Ukitaka kumuudhi Fundi, mwambie shati lina vifungo saba. Atavua miwani, atakutazama kama mtu aliyekanyaga kitambaa cheupe, kisha atakueleza kwamba shati lina vifungo sita na shingo. Kile cha juu kabisa, cha kwenye kola, si cha kuhesabiwa. Hicho ndicho kinachotiwa alama kwanza, na ukikikosea, vyote vinavyofuata vitakwenda upande. Ndivyo alivyofundishwa ufundi, na tangu hapo mpaka kichwa kikaota mvi, kila aliposhika chaki alihesabu kwa sauti: shingo, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wateja walicheka. Yeye hakuona cha kuchekesha.

Sasa mtu wa namna hiyo ndiye aliyeachiwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu. Alikuwa mtoto wa binti yake wa pekee, na binti mwenyewe alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi mbali, safari ya kutwa nzima. Binti alilia, akasema basi haendi. Fundi akamwambia aende, mtoto atalelewa. Jirani yake wa chumba cha pili, mwanamke mpiga pasi ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi, alimuuliza atamlisha nini huyo mtoto, sindano? Fundi akajibu kwamba amemlea mama mtu, hashindwi na huyu. Hapo alitia chumvi. Mama mtu alilelewa na marehemu mkewe. Yeye kazi yake ilikuwa kurudi jioni na kuuliza kama chakula tayari.

Vyumba vilikuwa viwili. Cha nyuma kilikuwa cha kulala na kupikia, cha mbele ndicho cha kazi: cherehani ya miguu dirishani, meza ya kukatia, na kapu la mabaki ya vitambaa. Mtoto alikulia kwenye hilo kapu. Alipoanza kusema hakunyamaza tena, ndipo Fundi akambandika jina la Mkasi, kwa sababu mdomo wake ulikata asubuhi hadi jioni. Kwa nini cherehani inalia? Kwa nini Mama Pasi ana tumbo? Kwa nini uzi umeisha?

Msidhani Fundi alikuwa na elimu yoyote ya malezi. Alichotaka ni kushona suruali za watu bila mtoto kutia vidole kwenye kanyagio. Kwa hiyo siku moja, Mkasi alipotimiza miaka mitatu, akachagua vifungo vikubwa vya makoti, vile visivyoweza kumezwa, akavimwaga sakafuni na kumwambia avipange vyeusi kwa vyeusi, vyekundu kwa vyekundu. Akapata saa nzima ya amani. Kesho yake akamwambia atenge vya matundu mawili na vya matundu manne. Keshokutwa yake akajikuta anaamka mapema, anakaa kitandani akifikiria atamtungia nini tena.

Mchezo ulimnogea mzee wa watu. Alitoboa matundu kwenye kipande cha boksi, akampa kamba ya kiatu ashone. Mabaki ya vitambaa yakawa somo: niletee cha pembe tatu, niletee cha mraba, niletee kinachoteleza, niletee kinachokwaruza. Walipima kwa tepu kila kilichosimama na kila kilichokaa: mlango, ndoo, mguu wa meza, kiuno cha Mama Pasi. Tepu haikukutana, na Mama Pasi aliwanunia siku mbili nzima.

Lakini mchezo wa michezo ulikuwa shati la sakafuni. Fundi alilichora kwa chaki kando ya cherehani, kola yake, mikono yake, na Mkasi akawa anapanga vifungo kifuani. Walihesabu kwa kupokezana. Mkasi aliweka cha juu akasema shingo, kisha akamngoja. Fundi, mguu kwenye kanyagio na macho kwenye mshono, akaitika moja. Mkasi mbili, Fundi tatu, mpaka sita. Halafu wanaanza upya. Jamani, mtu mzima na ndevu zake, mara ishirini kwa siku, na siku ambayo mtoto alisahau kumngoja ndiye aliyenuna.

Ikawa Mkasi anahesabu kila kitu hivyo hivyo. Vijiko: shingo, moja, mbili. Ndege waliotua kwenye waya: shingo, moja, mbili, tatu, "watatu, Babu," na wenyewe wanne. Fundi hakumsahihisha hata siku moja. Kwake yeye hesabu ilikuwa sawasawa.

Binti alimaliza masomo, akapata kazi hospitalini hukohuko, akapanga nyumba, akaja kumchukua mwanawe. Mkasi alikuwa na miaka minne na nusu. Fundi alijua siku hiyo ingefika, tena ndiye aliyekuwa akiiombea, na bado ilimkuta kama mtu aliyevamiwa akiwa amelala. Alishona gauni moja kwa siku mbili, akalifumua mara tatu. Vifungo vya makoti wakagawana, nusu kwenye kopo la Mkasi, nusu kwenye kopo la Babu. Asubuhi ya safari mtoto alimuuliza atawafuata lini. Fundi akasema akimaliza sare za shule. Sare za shule haziishi, na yeye alilijua hilo.

Walipoondoka alirudi ndani akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kukanyaga. Hapa hakuna neno la kuzungusha: alimkumbuka. Alimkumbuka mpaka chakula kikamkataa. Alimkumbuka zaidi saa za kazi, alipofika kwenye vifungo, akatamka shingo kisha akanyamaza kumngoja mtu aliyekuwa mbali kutwa nzima ya safari. Shati la chaki lilikuwa bado sakafuni. Alilizunguka kwa tahadhari, na Mama Pasi alipokuja na ufagio kumsaidia usafi, alimzuia mlangoni. Mama Pasi akasema hajapata kuona mwanamume anayelinda vumbi.

Jumapili kwa Jumapili walizungumza kwenye simu. Mkasi alimhesabia viatu vya mama yake, madirisha ya shule, meno yake yaliyobaki baada ya moja kung'oka, na yote aliyaanzia shingo. Fundi aliegemea ukuta, simu sikioni, akitabasamu peke yake. Wiki nzima aliila kwa maneno ya dakika kumi.

Mwezi wa tatu tangu waondoke, binti alipiga simu siku ya kazi. Akamwamkia, akauliza hali, akauliza hali tena, na Fundi akajua kuna jambo. Hatimaye jambo lenyewe likatoka. Mwalimu wa chekechea amelalamika. Mtoto akipewa shanga kumi anasema tisa. Akipewa tano anasema nne. Ameelekezwa kwa upole, ameelekezwa kwa ukali, ameahidiwa peremende; anakunja mikono na kujibu kwamba Babu yake ni fundi na anajua. Akiendelea hivyo, mwaka ujao wenzake watapanda darasa yeye atabaki.

Fundi alipandwa na mori. Alisema huyo mwalimu hajashona hata leso, atajua nini habari za kuhesabu? Alisema mtoto wake anajua pembe tatu na mraba, anajua hariri na kitani, wampe shanga zao mtu mwingine. Binti alimwacha akamaliza.

"Baba," akasema, "wenzake wanamcheka. Wanamwita Shingo. Na hamsikii mtu mwingine, anakuamini wewe peke yako. Mwambie wewe aache."

Mori ulimwishia palepale. Aliomba asubiriwe mpaka Jumapili.

Siku nne hizo zilimtesa. Si kwamba hakujua lipi jema. Alijua. Ila gauni lingembana baada ya miezi michache, vifungo vya kopo vingepotea kimoja kimoja chini ya makabati, na sura ya mzee mwenye miwani ingefifia, maana mtoto wa miaka minne na nusu ana kichwa cha kuweka nini? Hiyo shingo ndiyo kitu chake pekee kilichokuwa kimebaki kwa yule mtoto, na ndicho alichoambiwa akakitoe kwa mkono wake mwenyewe. Mwishowe akamweleza Mama Pasi, akitaka kuonewa huruma. Mama Pasi hakuinua hata macho kwenye pasi.

"Basi mwache achekwe," alisema, "ili wewe ufurahi."

Fundi alitoka bila kuaga. Siku iliyofuata alirudi, akakaa kwenye kigoda chake, akanywa chai yake, na hawakulizungumza tena.

Jumapili ilipofika alipanga vifungo kumi mezani kabla ya simu kulia. Mkasi aliposhika simu, alimwambia achukue kopo lake, naye atoe kumi. Mtoto akavimwaga kwa fujo, sauti ikasikika mpaka huku.

"Mkasi, leo tunashona blauzi," Fundi akasema. "Haina kola."

"Haina kabisa?"

"Haina. Sasa niambie, kama hakuna kola, shingo tutaiweka wapi?"

Mtoto akafikiri. Fundi alimsikia anavyopumua.

"Hakuna pa kuweka," Mkasi akasema.

"Haya. Kwa hiyo tunaanzia moja."

Akahesabu moja mpaka kumi, polepole, peke yake, na alipofika kumi alistaajabu kuona vifungo vimekwisha palepale. Fundi akampongeza. Kisha akamwambia lililobaki: huko shuleni vitu vyote havina kola. Shanga hazina kola, viti havina kola, watoto wakipanga mstari hawana kola. Vyote vinaanzia moja.

"Na kwako?" Mkasi akauliza.

"Kwangu vina kola."

Simu ilipokatika alivirudisha vifungo koponi na kulifunga kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Dawa ilifanya kazi, na ilifanya kazi mno. Mwalimu alifurahi, binti akamshukuru mpaka akaona haya. Jumapili zilizofuata Mkasi alihesabu kuanzia moja hadi ishirini, hadi thelathini, mbiombio, bila kumngoja mtu aitikie. Halafu akawa hana nafasi ya kuhesabu, ana rafiki, ana wimbo, ana mchezo nje, Babu kwaheri. Fundi alisema vizuri sana mjukuu wangu, akaweka simu chini, na moyo ukamuuma waziwazi. Alijiambia kwamba amesahau. Ndivyo alivyotakiwa kufanya, na yeye ndiye aliyemwambia.

Walikuja likizo ya mwisho wa mwaka. Fundi alikuwa amenyoa, amevaa shati alilojishonea, amesimama mlangoni tangu asubuhi. Mkasi alikuwa amerefuka. Alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, akatoa mkono, akasema shikamoo kama anavyoamkiwa mzee yeyote wa njiani. Fundi aliitika marahaba, akawakaribisha, akashughulika na mizigo ili apate pa kuweka uso. 

Mtoto alibaki peke yake chumba cha mbele. Kutoka nyuma, Fundi akiwa na birika mkononi, alimwona anazunguka kwa haya. Akagusa meza. Akachungulia kapu. Kisha akaona mistari ya chaki kando ya cherehani, iliyofifia kifuani lakini kola bado inaonekana, maana kola Fundi alikuwa ameipitia upya mara kwa mara, na hilo hakumwambia mtu. Mkasi akachuchumaa. Akafungua begi lake dogo la shule, akatoa kopo.

Binti alitaka kusema kitu. Fundi akamgusa bega.

Mkasi aligeuka, kifungo kimoja mkononi, akamtafuta kwa macho mpaka akampata.

"Babu," akauliza taratibu, kama mtu anayetaka uhakika kabla ya kukata, "hii ina kola?"

"Ina," Fundi akasema. Akaweka birika chini. "Ina, mjukuu wangu."

Mkasi akakiweka kifungo mahali pake, juu kabisa. "Shingo," akasema, kisha akanyamaza, akamngoja.