Wosia wa Mate

Siku hizi hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Bi Kinyaa tu, na jina hilo hakupewa kwa hila. Kazi yake ni kufagia magofu ya jumba la kifalme pale ufukweni, na kila asubuhi akishafungua lango neno lake la kwanza ni hilohilo: "Kinyaa!" Si bure, jamani. Usiku popo wamekunya, mchana watu wameingia, na bora popo, maana popo hajui kusoma. Binadamu anakikuta kibao kimeandikwa usikojoe hapa, anasimama, anakisoma mpaka mwisho, kisha anakikojolea kibao chenyewe.

Dirisha ambalo eti malkia alikuwa akilitumia kutazama bahari limeshindiliwa nepi ya mtoto. Ukutani, kwenye chokaa ya miaka na miaka, wapenzi wamejichora majina kwa misumari, na nusu yao naapa wameshaachana. Nguzo zimepakwa ubani uliotafunwa. Wanakuja kuona utukufu, wanaacha uvundo, halafu wanapiga picha.

Linalomchosha zaidi ni bafu la mfalme. Liko uani, paa limeshaanguka zamani, limebaki shimo pana lenye ngazi za kushukia. Kila asubuhi anaosha humo maganda, kohozi na mengine nisiyoyataja maana huenda kuna mtu anakula. Bomba halijafika huko. Maji anayachota kwenye kisima kikuukuu nyuma ya ukuta, anayapitisha kwa ndoo kando ya maghala mpaka bafuni, na jioni mgongo unamsimulia yote. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ni mjane, anaishi vyumba viwili na mama yake mzazi, na dawa za mama hazinunuliwi kwa maombi.

Mama mwenyewe ni mtu wa maneno machache, na hayo machache yana pilipili. Binti yake alipopata kazi ile, bibi kizee alinuna, akasusa hata kusalimiwa. Baadaye akavuta sahani. "Chakula hakina kosa," akasema, akala.

Sababu ya kununa ilijulikana na ukoo mzima. Bibi yake huyo mama alikuwa mmoja wa wanawake waliomchotea mfalme maji ya kuoga. Bafu lilitakiwa lijae kabla mwenyewe hajaamka. Asubuhi moja uchungu ukamshika mtungi ukiwa kichwani. Akajifungulia nyuma ya maghala, wenzake wakamkata mtoto kitovu, na mnyapara akamwinua amalizie mitungi yake. Damu ikadondoka kwenye ngazi. Mfalme aliposhuka akaiona, akaziba pua kwa kanzu yake. "Uchafu gani huu?" akasema. "Mwageni yote, mjaze upya." Wakamwaga, wakajaza upya, na mzazi akiwa miongoni mwao. Aliporudi nyuma ya maghala, kichanga alichokilaza kwenye majani kilikuwa kimeshapoa.

Alizaa wengine, akazeeka, akafa. Hakuacha shamba wala dhahabu. Aliacha neno moja tu kwa mjukuu wake: "Ukifika pale bafuni, nitemee mate."

Mjukuu hakufika. Kwanza jumba lilifungwa, kisha likamezwa na kichaka, kisha kukawa na watoto wa kulea, mambo ya dunia. Mpaka mwaka huu, daktari aliposema moyo wa mama umechoka na hakuna la kufanya zaidi ya kuuhurumia. Walipofika nyumbani mama hakutaka hata kukaa.

"Kesho nipeleke kwa mfalme wako."

"Mama, utapanda zile ngazi za langoni wewe?"

"Nitapanda. Nina mate yake hapa." Akaligusa shavu.

Bi Kinyaa hakulala vizuri. Msimamizi mpya wa magofu alikuwa mkali kama siki. Atakayechafua anatolewa nje, mfanyakazi atakayemwachia anakwenda kwao, na bawabu alishakwenda kwao kwa sababu ya mbuzi tu aliyemponyoka akaingia ndani. Kibarua kikiota nyasi, dawa za mama zitatoka wapi? Akapanga wawahi mapema, kabla wageni hawajafika, mama ateme chake, yeye aoshe, yaishe. Lakini mwendo wa mtu mwenye moyo uliochoka haupangiki. Walipofika uani, kundi la wageni lilikuwa limeshalizunguka bafu, na mbele yao Kasuku, mtembeza wageni, domo limepamba moto.

"Hapa, mabibi na mabwana, wasichana wa jumba walimwandalia mfalme maji huku wakiimba kwa furaha! Aliwapenda kama wanawe."

"Nani alikuwa anaimba?" mama akauliza.

"Wasichana wa maji, bibi."

"Wewe uliwasikia?"

Wageni wakacheka. Kasuku naye akacheka kidogo. "Ndivyo historia inavyosema, bibi."

"Basi historia yako inanuka. Nipishe."

Akajikokota mpaka ukingoni, akajishika kwa binti yake, akainama. Akakusanya. Ptu! Hewa tupu. Dawa zile zilimkausha kinywa hata usingizini. Akajaribu tena, shingo ikasimama mishipa, midomo ikatetemeka, hakuna kitu. Akajaribu tena. Ee Mungu, mtu amebeba mate umri wote, kayafikisha, yamekauka! Machozi ndiyo yaliyotoka, na hayo hakuyataka.

Mgeni mmoja, mwanamke mwenye huruma, akadhani bibi amepaliwa, akatoa chupa yake ya maji. Bi Kinyaa akaipokea haraka. "Sukutua, mama. Sukutua halafu uteme."

Mama akaisukuma chupa. "Maji? Nimmwagie maji humu? Wewe, huyu tumemletea maji ya kutosha."

Bi Kinyaa akasimama na chupa mkononi. Kichefuchefu cha kweli kikampanda, na safari hii hakikuwa cha popo wala cha wageni. Kisima kilekile. Njia ileile kando ya maghala. Na yeye, kitukuu cha yule mama, miaka yote amekuwa akiamka alfajiri kumjazia ndoo mfalme aliyeoza zamani, tena akisugua ngazi zing'ae, tena akishukuru. Akajichukia hadi kwenye ulimi.

Akavuta kutoka kifuani, akatema. Yakatua katikati ya bafu, mazito, kila mtu akayaona. Wageni wakarudi nyuma. "Lo!" mmoja akasema, "kinyaa gani hiki!"

Mama akayatazama kwa makini, kama mtu anayekagua kitambaa dukani.

"Hayo ni yako," akasema. "Sasa ya bibi."

Bi Kinyaa akatema tena.

"Nani huyo?" Msimamizi alikuwa anakuja mbio, na Kasuku alishanyoosha kidole kabla hajaulizwa. Msimamizi akamtazama mfagiaji wake, akatazama bafu, akashindwa kuamini. "Bi Kinyaa? Wewe, wa kugombeza watu kutwa?" Akavuta pumzi, akakumbuka kuwa wageni wanamsikiliza, akalainisha sauti. "Sawa. Una mgonjwa, umechanganyikiwa, naelewa. Chota maji uoshe hapo sasa hivi, kila mtu aone pamekuwa safi, na mimi nitasahau. Kazi yako ipo."

Mama aliangalia chini, mkono wake umeng'ang'ania mkono wa binti yake, mkono mwepesi wa mtu anayeishi kwa vidonge. Bi Kinyaa akahesabu moyoni kitakachokosekana mezani, na duka la dawa, na kodi ya vyumba viwili.

"Ndoo iko pale mlangoni," akamwambia msimamizi, "na kisima kiko nyuma ya ukuta. Kamchotee mwenyewe."