Usharika wa Watu wa Miaka Miwili

Mchungaji wetu wa hapa Musoma aliponiita pembeni baada ya ibada, nilidhani anataka kunikumbusha zamu yangu ya kufagia kanisa. Kumbe alitaka kunituma Babati.

"Mwalimu Rhobi, wewe si ndiye uliyesomea ualimu kule?"

"Nilisomea, Mchungaji. Lakini chuo chenyewe kilishahamishwa, hakipo tena."

"Chuo najua. Nauliza usharika."

Akanieleza. Dayosisi inaandika historia ya sharika zake zote, na ule wa Babati hakuna mwenye uhakika kama bado ni usharika. Ulizaliwa chuoni, katika darasa moja, na chuo kilipoondoka wengi walidhani umekufa nacho. Kama hakuna watu, jina litafutwa na chumba kitarudishwa kwa wenye eneo. Alitaka mtu wa kwenda kuona kwa macho na kuleta jibu. Jumapili iliyofuata kulikuwa na Meza ya Bwana kule, mchungaji kijana angetoka Arusha kuihudumia, kwa hiyo ndiyo ingekuwa siku ya kuwakuta wote, kama wapo.

Nilikubali upesi mno, na nisiwadanganye kwamba ni kwa kupenda historia. Tangu mume wangu, Baba Chacha, afariki, na watoto kila mmoja kwake, nyumba yangu imekuwa kimya hadi nasikia friji likikohoa jikoni. Nimefundisha watoto wa watu maisha yangu yote, nimezoea kelele. Ukinyamaziwa hivyo, mtu akikuambia nenda hata kuzimu kuna semina, unauliza basi linaondoka saa ngapi.

Alfajiri niliondoka Musoma na begi moja na kifurushi cha sato wakavu, maana siwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Mwanza nikalala, kesho yake alfajiri nikapanda basi jingine. Kutoka Shinyanga hadi Singida nilikaa na mama mmoja mwenye maneno mazuri. Tulikula mahindi yake, tukawasema vibaya wakwe zetu, tukacheka. Akashuka Singida akasema, "Haya dada, Mungu akipenda." Basi lilipoondoka ndipo nikakumbuka sikumwuliza hata jina lake. Kiti chake kilibaki kitupu hadi mwisho wa safari, nami nikaweka begi langu pale ili nisiendelee kukitazama.

Tulipofika Katesh, mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu. Enzi za chuo tulikuwa tukiuona mlima ule tunapiga makofi ndani ya basi, kwa sababu maana yake tumekaribia. Safari hii abiria wote walikuwa wanatazama simu zao. Nikapiga makofi mawili peke yangu, taratibu, kondakta akageuka akidhani nataka kushuka.

Babati tuliingia alasiri jua likiwa bado kali. Nilichukua bodaboda stendi.

"Nipeleke Nakwa, pale chuoni."

"Chuo gani, mama?"

"Cha ualimu. Kilikuwa pale zamani."

"Aisee, mimi nimezaliwa hapa hapa, sijawahi kusikia. Lakini panda tu, tutakipata."

Tulikipata. Mabweni yetu yamekuwa maghala ya mahindi na mbaazi. Uwanja wa mpira umelimwa. Chumba kimoja mwishoni ndicho kilichokuwa na msalaba wa mbao juu ya mlango, na chini ya msalaba mzee amekaa kwenye stuli anamenya muwa. Nilimjua kwa sauti kabla ya sura. Mzee Wambura, aliyekuwa mlinzi wa chuo, mtu wa kwetu Mara. Chuo kilipohama alisema yeye alipewa kazi ya kulinda, na hakuna aliyemwambia aache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni yule mrefu aliyekuwa anaimba sauti ya nne na ni mwanamke."

Jamani! Mambo mengine watu wangeyasahau tu.

Nilimwuliza usharika una watu wangapi. Akanyoosha muwa: yeye, Fundi Daudi anayeshona nguo sokoni, na Mama Akonaay wa shamba la jirani. "Basi," akasema. "Jumapili unatuona wote hata kabla hujamaliza kufungua macho."

Hapa nieleze kidogo, kwa faida ya wasomaji wangu wasio Wamennonite. Usharika ule tuliuanzisha sisi wanafunzi wa kutoka Mara, kwa sababu Babati hatukukuta kanisa letu. Waliokuwepo ni Wakatoliki na Walutheri, watu wema, lakini kwetu kuna jambo ambalo hatukuweza kuliacha nyumbani. Kabla ya kula Meza ya Bwana tunatawadhana miguu, kama Yesu alivyowafanyia wanafunzi wake. Wanaume upande wao, wanawake upande wao, wawili wawili. Mmoja anakaa, mwenzake anapiga magoti na beseni, anamwosha, anamfuta, wanakumbatiana, kisha wanabadilishana. Hujatawadhana na mtu, huendi mezani.

Sasa usharika wa chuo una taabu yake. Watu wake ni wa miaka miwili. Wanakuja, wanajifunza nyimbo, wanazoeana, halafu wanahitimu na kutawanyika nchi nzima. Ndiyo maana pale tulijiwekea desturi ambayo sijaiona penginepo. Katika ibada ya mwisho, anayeondoka ndiye anayepiga magoti kwanza. Anamtawadha anayebaki. Ilikuwa ndiyo kwaheri yetu, na baada yake mtu hakuaga tena kwa maneno.

Na mwanamke pekee aliyebaki kila mwaka alikuwa Mama Akonaay. Hakuwa mwanafunzi. Alikuwa mke wa mkulima, Mwiraqw aliyeshuka na mumewe kutoka milima ya Mbulu. Alivutwa na nyimbo zetu akachungulia dirishani, wiki iliyofuata akaingia, na hakutoka tena.

Jioni nilimkuta anapepeta mbaazi uani. Amezeeka, mgongo umepinda kidogo, lakini macho ni yale yale. Nikamwamkia, akaitikia, akanishika mikono yote miwili akaigeuzageuza.

"Rhobi. Mikono yako bado ya baridi."

"Unanikumbuka, mama?"

"Ulinitawadha siku unaondoka. Mikono kama barafu. Nikasema huyu mtoto ataolewa na nani?"

"Nilipata, mama. Ametangulia."

"Pole. Wa kwangu naye ametangulia." Akasogeza ungo, tukakaa pamoja kwenye gunia.

Nilimpa sato. Akawanusa, akasema samaki wa ziwa Babati ni watamu zaidi, ila hawa atawala kwa heshima. Nilimwacha, mgeni habishani na mwenyeji wake, ingawa kwa samaki wale alikosea kabisa.

Tulikula makande ndani, taa ya sola ikiwa imening'inia darini. Sanduku la bati lilikuwa karibu na mlango, limefungwa kwa kamba. Simu yake ikaita. Alikuwa mwanawe, Akonaay, anayeishi Karatu. Walisemezana kwa Kiiraqw, kisha akakata simu na kucheka.

"Ananitaka kwake. Chumba changu kimeshapakwa rangi. Kila mwezi ananiuliza, namwambia bado nina jambo moja hapa."

Nilidhani jambo lenyewe ni mbaazi.

Nikamwuliza kuhusu Meza ya Bwana. Akakusanya punje za makande zilizoanguka mezani. Alisema hajakula Meza tangu Mama Esta aondoke. Mama Esta alikuwa muuguzi wa hospitali, mwanamke mwingine wa mwisho pale usharikani, akahamishiwa Mbeya. Tangu hapo, mchungaji akija, Mzee Wambura na Fundi Daudi wanatawadhana nyuma ya pazia, na yeye anakaa upande wa wanawake na beseni lake la maji.

"Peke yako?"

"Na beseni. Yanapoa, nayamwaga kwenye maua."

"Si ungemwomba jirani?"

"Nilimwomba. Mlutheri, rafiki yangu kabisa. Alivua viatu, nikamgusa tu unyayo akacheka hadi akapiga teke beseni." Akatabasamu. "Mchungaji akasema, mama, Mungu anajua moyo wako, wewe kula tu. Nikamwambia, Mungu anajua, lakini miguu haijui."

Usiku ule nililala nikijua jibu la kupeleka Musoma. Watu watatu, mmoja hali Meza. Huo si usharika, ni majirani. Niliona bora uzikwe kwa heshima. Lakini angalau Jumapili ningemtoa mama yule upweke wa beseni.

Jumapili asubuhi mchungaji kijana aliingia na pikipiki, vumbi hadi kwenye nyusi. Tuliimba watano, na mimi nikaimba sauti ya nne, maana hakuna mwingine. Chumba kilikuwa kikubwa kwetu, kila wimbo ulirudi kutoka ukutani kama kuna watu wengine nyuma. Mara mbili niligeuka kuangalia. Hapakuwa na mtu.

Ukafika wakati. Mzee Wambura alivuta pazia. Upande wetu kulikuwa na benchi moja, taulo jeupe, na beseni la bluu la maji vuguvugu. Nikapiga magoti. Tiketi yangu ya kesho ilikuwa kwenye mkoba, mimi ndiye mwenye kuondoka, na desturi ya pale naijua, nilikuwepo ikianzishwa.

"Inuka," Mama Akonaay akasema.

"Mama, naondoka mimi."

"Najua. Inuka, kaa."

Nikakaa. Alijishikiza kwenye benchi, akashuka goti moja, akapumzika, akashuka la pili. Akanivua viatu. Nyumbani kwetu kanisa limejaa, tunatawadhana kwa mistari, kila mtu na aliye karibu naye, haraka haraka ili wageni wasichelewe kula. Yeye hakuwa na haraka. Alichukua mguu wangu akaufuata kwa kidole kutoka kwenye vidole hadi kisigino, akakuta ile mipasuko yangu ninayoificha na soksi.

"Hiki kisigino hakina mtu wa kukisema," akasema taratibu. "Mwenye mtu nyumbani angeshaambiwa, we mama, paka mafuta."

Mimi si mtu wa kulia ovyo. Niliulilia msiba wa Baba Chacha nikamaliza, nilidhani. Pale nililia na pua ikatoka, mtu mzima mimi, na wanaume wawili nyuma ya pazia wanajifanya wanakohoa. Hakuna aliyekuwa amenigusa mguu kwa kunijua tangu nifiwe. Nilikuwa nimesahau kwamba ni kitu mtu anaweza kukikosa.

Alinifuta kwa taulo, katikati ya kila kidole. Ndipo nikaliona akilini lile sanduku la bati, limefungwa kamba.

"Mama. Wewe ndiye unayeondoka."

"Akonaay anakuja Jumanne."

"Ndilo lile jambo?"

"Ndilo. Wote walioondoka hapa walinitawadha, hata wewe na mikono yako ya baridi. Mimi ningeondokaje bila kumtawadha anayebaki? Kama mwizi?"

"Lakini mama, mimi sibaki. Mimi ni wa Musoma!"

Alishika bega langu ili ainuke, na uzito wake wote ukawa juu yangu.

"Basi baki ukiwa Musoma," akasema.

Tukakumbatiana. Tukabadilishana, nikamtawadha, na alitetemeka kidogo maji yalipomgusa. Pazia likavutwa. Mchungaji kijana alimpa mkate, akaupokea kwa mikono miwili na kuutafuna muda mrefu, macho amefumba, sote tukamsubiri hadi akameza.

Jumatatu niliondoka Babati. Hakunisindikiza stendi na hatukuagana kwa maneno. Alinipa beseni. Nimesafiri na beseni la bluu mapajani hadi Mwanza, na abiria wawili waliniuliza kama nauza.

Nikiwa njiani niliwaza kuhusu wote tulioondoka pale tukijiona ndio wenye safari, ndio wenye habari ya kusimulia. Hatukumwuliza hata mmoja wetu yule aliyebaki anajisikiaje tukishapotelea kwenye kona ya barabara na nyimbo zetu. Sasa nimejifunza kwamba kubaki ni kazi, na mwenye kuifanya anahitaji kupokewa zamu.

Nilipofika Musoma Jumanne jioni, mchungaji alikuwa ananingoja na kalamu.

"Haya Mwalimu, usharika upo au haupo?"

"Upo."

"Watu wangapi?"

"Wanaume wawili na mwanamke mmoja."

"Yule mama Mwiraqw, sivyo? Nimewahi kusikia habari zake."

"Hapana. Yule ameondoka leo, amekwenda kwa mwanawe Karatu."

Akaacha kuandika. "Sasa huyo mwanamke ni nani?"

Nikamtajia jina langu, na nikamwuliza Meza nyingine ya Babati ni lini.