Nyimbo Zilizonaswa Ndani ya Kilio

Mama alipofariki, uhuru ulikuwa bado mpya Rumonge, na baba alikuwa ameshachukuliwa na ziwa. Mimi, binti mkubwa, niliacha shule nikawa nauza ndagala, dagaa wa ziwani. Tulibaki wanne. Mdogo wangu anayenifuata alikuwa mpiga gitaa, lakini tangu mazishi hakuligusa. Kwetu muziki haupigwi mpaka siku ya kuganduka, ukoo unapokutana kunywa pombe na kuondoa kilio.

Alikuwa hali chakula, hasemi. Basi mwenye duka la vitenge alipomwazima mashine ya kunasa sauti, ili apate nyimbo za kuvutia wateja, nilimwambia, "Funga mlango, imba."

Aliimba mchana kutwa, nyimbo zote za mama, sufuria ikiwa ngoma. Mbuzi alilia nje, wadogo wakacheka, na sauti yangu ikaingia katikati: "Nyamazeni, bado tuko katika kilio." Hatukurudia. Wimbo ule ndio uliotoka vizuri kuliko yote.

Siku ya soko duka lilijaa, mwenye duka akawasha mashine. Mwanzoni wateja walicheka.

"Huyu anaimba ao anaumwa jino?"

"Mbuzi ndiyo iko na sauti. Yeye angenyamaza."

Mdogo wangu alitazama miguu yake. Kisha ikatoka sauti yangu, na kicheko kikakatika. Mama mmoja muuza mawese akatema mate mlangoni.

"Mama yao hata hawajaganduka, wanapiga muziki?"

Mwenye duka alizima mashine. Kesho yake alikuwa amenasa tangazo la vitenge vyake juu ya nyimbo zetu, zikafutika zote.

Baba mdogo alifika kutoka Magara asubuhi hiyohiyo. Hakukaa, hakupokea maji.

"Huyo mupiga gitaa atoke hapa. Asipotoka, hawa wadogo naenda nao, na kwenye kuganduka kwenu hakuna mutu wa ukoo atakanyaga."

"Baba mdogo, ni mimi niliyemwambia aimbe."

"Basi wewe ndiyo umeoza."

"Sawa. Lakini hatugawanyiki. Ukichukua mmoja, umetuchukua wote. Tutafunga mizigo sasa hivi."

Alitutazama mmoja mmoja. Vinywa vinne hakuvitaka.

"Pombe yenu mutakunywa wenyewe," akasema, akaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya kuganduka nilitoa pombe ya ndizi, nikatandika mikeka uani. Majirani walipita wakigeuza nyuso upande wa ziwa. Kuonja kwanza na kutamka kwamba kilio kimekwisha ni kazi ya mkubwa wa ukoo wa baba, na sasa mkubwa huyo alikuwa baba mdogo. Nilimngoja mpaka alasiri, kwa sababu ilikuwa haki yake. Kisha nikaonja mimi, nikatamka mimi, nikawapa wadogo mrija wanywe.

Nilimwambia mdogo wangu alete gitaa.

"Dada, watu wako barabarani. Watasikia."

"Kaa huku basi, karibu na barabara."

Akakaa, akaanza kupiga.