Nyungu ya Bibi Jirani

Mwaka ule wa korona nilikuwa nimepanga Itigi, chumba cha mwisho kati ya vyumba sita vilivyoungana kama mabehewa, nyuma ya mashine ya kukamua alizeti. Makapi yalichomwa palepale, na moshi wote ulikuja kwetu. Nyumba ya mwenye vyumba ilikuwa upande unakotoka upepo, ina madirisha mapana. Sisi hatukuwa na hata moja.

Jirani yangu alikuwa bibi wa Kinyaturu, muuza uji, aliyenitania kama mjukuu wake. Alikuwa akikohoa tangu kabla sijahamia, ila mwaka ule kikohozi kilimfukuzia wateja. Niliacha shule darasa la sita, lakini kuuliza sikuacha. Nikamuuliza kwa nini haendi zahanati.

"Ili wanifungie peke yangu? Niletee majani ya mkaratusi, mume wangu. Nitajifukiza."

Siku zile kila nyumba ilikuwa na nyungu yake ya kujifukiza. Nikachemsha majani, ndimu na tangawizi, nikamfunika blanketi. Kisha nikajifanya fundi: ili sufuria isipoe, nikaiacha juu ya jiko la mkaa, humohumo ndani. Nikafunga mlango, mvuke usitoroke.

Nikakaa nje, tukataniana.

"Bibi, umeiva?"

"Bado! Ongeza chumvi!"

Baadaye nikauliza tena. Kimya.

Nilimkuta ameegemea ukuta, kichwa kimelala begani. Nikambeba hadi uani. Alikuwa mwepesi mno. Nikampepea kwa ungo huku nalia, mpaka akafumbua macho.

"Ulitaka kunikausha kama mlenda wa kuanika?"

Mchana huohuo nikaazima sururu, nikatoboa ukuta wake wa tofali za tope, upande usio na mashine. Mwenye nyumba akaja mbio.

"Nani kakuruhusu kubomoa?"

"Mimi," bibi akamjibu. "Ingia, baba, tukufungie mlango kidogo tu."

Hakuingia. Alichungulia, akaziba pua, akasema nihame kabla ya Jumapili. Lakini hakusema tundu lizibwe. Nikaweka wavu wa mbu, nikaufunga kwa misumari.

Jumamosi asubuhi nilipita kumuaga. Miezi yote ile alikuwa akilala ameketi, mgongo kwenye gunia la mtama, kwa kuwa akijinyoosha pumzi hukatika. Siku hiyo nilimkuta amelala chali, mdomo wazi, anakoroma. Nikasimama pale nikimsikiliza, kisha nikaondoka bila kumwamsha.